Nani Atamsemea Keza

Asubuhi ile Darren alilitamka lile jina redioni kabla hata watu hawajamaliza kufunga makoti yao ya baridi. Jina lenyewe mimi sitaliandika. Keza aliliacha miaka mitatu nyuma, akaenda mpaka serikalini akapewa cheti kipya, na sioni kwa nini niliokote nimrudishie mlangoni.

Darren, msimamizi wa zamu, alilitaja mara mbili, kwa sauti ya mtu anayejiburudisha. Akaagiza mwenye jina hilo aende mstari wa sita akapange kuku. Halafu akauliza, kama anapitia chooni, leo ni choo cha upande gani.

Kila mfanyakazi wa ghala lile la Ingleburn alivaa redio kifuani, kwa hiyo waliocheka walisikika. Keza alisimama katikati ya maboksi ya kuku walioganda, akabonyeza kitufe.

"Keza yuko mstari wa sita," akasema, akaendelea na kazi.

Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Kigoma kwa wazazi Warundi, akaletwa Campbelltown, Australia, akiwa bado mtoto. Waliompokea duniani walisema ni mvulana. Yeye alijijua msichana tangu akili zilipomkaa kichwani, na alipoona maji yamemfika shingoni aliwaambia watu wa nyumbani, akajiita Keza, akaanza kuishi. Hakuwa mtu wa kelele. Tangu Darren apewe ile zamu, Keza alikuwa hanywi maji kazini, ili asihitaji kwenda chooni hata kidogo.

Mmoja aliyesikia kila neno alikuwa Olivier Bisimwa, dereva wa foklifti, ile gari ya kuinulia mizigo. Olivier hakucheka. Lakini hakusema kitu pia. Aliinamisha kichwa akajifanya anaangalia uma za foklifti, na mtu wa kumjua angeona masikio yake yamekuwa mekundu kwa aibu, kama Mkongo mweusi tii angeweza kuwa na masikio mekundu. Alikuwa anampenda Keza. Walikuwa pamoja tangu kabla ya corona, na hakuna aliyejua.

Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka wa 2021. Sydney nzima imefungwa, na huku magharibi na kusini magharibi ndiko walikofungiwa zaidi. Huruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani isipokuwa unakwenda kazini, tena uwe umeingizwa kijiti puani ukaonekana mzima. Olivier alikaa Rooty Hill na mama yake. Keza alikaa Campbelltown peke yake. Mahali pekee walipoweza kuonana ni pale kazini, na chumba cha chai kilikuwa kimefungwa, basi saa ya mapumziko kila mtu alikula ndani ya gari lake.

Wao walikuwa na maegesho yao ya mwisho kabisa, kando ya uzio. Olivier anaegesha akitazama barabara, Keza anaegesha akitazama ghala, madirisha ya madereva yanakutana. Wakishusha vioo wanavua barakoa, wanazungumza kama watu waliokaa kochi moja. Hapo ndipo mapenzi yao yalipoishi miezi yote hiyo.

"Umesikia?" Keza akauliza siku ile.

"Nimesikia."

"Na jana?"

"Nasikia kila siku, Keza. Ile redio iko kwa kifua yangu pia."

"Basi njoo Alhamisi useme hayohayo mbele ya Joanne."

Joanne alikuwa mama wa ofisi ya wafanyakazi. Keza alikuwa amempelekea malalamiko wiki iliyotangulia, na Olivier alijua, maana ndilo lililomnyima usingizi.

"Darren anasema ni utani," Keza akaendelea. "Anasema hakuna mwingine aliyelalamika. Joanne ameniambia wazi, kama hakuna mtu wa pili aliyesikia, ni neno langu na neno lake. Halafu watanihamishia ghala lao la kule bandarini. Eti ni for my own safety."

"Bandarini ni mbali."

"Ni mbali, ndiyo. Na hii sheria ya kilomita tano, tutaonana lini? Krismasi?"

Olivier alifungua kifuniko cha chupa ya chai, akakifunga tena bila kumimina.

"Bon. Tuangalie vizuri," akasema. "Nikiingia mule nikisema nimesikia, watauliza kwa nini mimi, kwa nini si wengine. Na nusu ya watu ya hapa wanasali na Maman. Jioni ile ile atajua."

"Atajua nini? Kwamba Darren ana mdomo mchafu?"

"Keza."

"Sema. Atajua nini?"

Olivier alimtazama. Alikuwa na kawaida ya kumtazama Keza kuanzia kwenye nyusi, akateremka taratibu mpaka kwenye kile kidoti kilichokuwa juu ya mdomo, akakaa hapo. Siku ile hakufika kwenye kidoti. Macho yalimshinda njiani akayageuzia kwenye uzio.

"Mimi njo mtoto alibaki naye," akasema. "Peke yangu. Ikisikika kanisani, itamuua."

"Haitamuua. Itamuudhi. Mama yangu alininunia mwaka mzima, halafu akachoka kununa." Keza akashusha sauti. "Olivier, sijakuomba unioe mbele ya Joanne. Nimekuomba useme ulichosikia kwa masikio yako."

"Si sasa. Corona ikiisha, nitaongea naye pole pole…"

"Corona ikiisha, Darren ataniita nani?"

Olivier alinyoosha mkono nje ya dirisha, kama alivyozoea, auguse wa Keza. Keza aliuangalia ule mkono. Aliupenda kupita kiasi, na ndiyo maana ilimuuma.

"Mkono unajua kunyooka," akasema. "Mdomo ndio mzito."

Akabonyeza kitufe cha kioo. Kioo cha Corolla yake kilikuwa kibovu, kikipanda nusu kinakwama, kwa hiyo ilibidi akivute kwa vidole huku wanatazamana, na ile sekunde ya kuvuta kioo iliwachoma wote wawili kuliko maneno yaliyotangulia.

Joanne alikuwa amemwambia Keza anaruhusiwa kuja na mtu wa kumsaidia katika kikao. Keza alilichukua neno hilo kama Mrundi yeyote angelichukua. Kwao, jambo zito halizungumzwi na mwenyewe. Kijana akienda kuposa hafungui mdomo, na binti naye hafungui mdomo. Kila upande unakuja na msemaji wake, mtu anayejua kuzunguka, kutania, kubembeleza na kubana, na wenye shughuli wanakaa kimya wakisikilizishwa maisha yao. Kwa hiyo Keza aliposikia mtu wa kumsaidia, alielewa mtu wa kumsemea, na kwa Warundi wa Sydney jina lilikuwa moja.

Égide Habonimana siku za kazi alikuwa akiwaosha na kuwalisha wazee katika nyumba ya wazee. Jumamosi alikuwa akivaa suti na kuposea watoto wa watu. Corona ilikuwa imemnyang'anya Jumamosi zake zote, na Keza alipompigia simu aliipokea kabla haijalia vizuri.

"Baba Égide, shikamoo. Ni Keza."

"Marahaba. Keza yupi?"

"Wa marehemu Nahimana."

Égide alimjua marehemu Nahimana tangu kambini, na watoto wake wote aliwajua kwa majina ya kuzaliwa.

"Nilisikia," akasema hatimaye. "Sikujua nikupigie nikuambie nini, nikanyamaza. Una shida gani?"

Keza akamweleza yote, la redio na la chooni. Alimweleza bila kulia, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni.

"Na huna mtu mwingine wa kwenda naye?"

"Nilikuwa naye. Amekataa."

"Nitakusemea kama nani?"

"Kama Keza."

"Keza binti wa Nahimana," Égide akasema polepole, akilionja. "Sawa. Linatamkika. Alhamisi saa ngapi?"

Hakuruhusiwa kuingia ghalani kwa sababu ya corona, kwa hiyo wakakubaliana angekuwepo kwa kompyuta. Siku zile zilizobaki alikuwa akizunguka sebuleni akifanya mazoezi ya kuongea, na mkewe Anésie alikuwa jikoni akisikia nusu nusu. Alichosikia Anésie ni kwamba Égide anamsemea Keza Alhamisi. Na tangu lini Égide akamsemea msichana kwa jambo lisilo la posa? Anésie akaliandika kwenye kundi la simu la kwaya, kwa nia njema kabisa.

Jumatano jioni habari ilikuwa imefika Rooty Hill, jikoni kwa Mama Bibiane Bisimwa, aliyekuwa akipakua sombe, kisamvu cha kwao Kongo.

"Olivier, weye ulisikia?" akasema. "Ule Keza wa ku kazi yenu, banamuposa kesho. Banasema Égide njo ataongea."

Olivier alikuwa ameshika sahani. Aliiweka mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Nani anamuposa?"

"Sijue. Mwanaume moja."

"Maman, nani alikuambia?"

"Mama Anésie alitia ku groupe. Mbona unauliza vile? Kula."

Alikaa mbele yake, akamega ugali. Mama Bibiane alikuwa mwanamke wa maneno machache na uamuzi mwingi, na Olivier alimwogopa hata sasa alipokuwa anamzidi urefu kwa kichwa na mabega.

"Mi sielewe ile mambo," akasema akitafuna. "Unajua mi sielewe. Mungu akupe mwili, weye useme hapana? Ingekuwa kwangu, ningelia. Sitakudanganya." Akamega tena. "Lakini ule mwanaume, mi namuheshimu. Anaita bantu, anasimama, anasema ni huyu. Baba yako alinifanyia vile. Kwao hawakunitaka hata moja. Alisimama tu. Muntu asiyejificha, hata ukikosana naye, unajua unakosana na nani."

Olivier hakumeza kitu. Wivu ulimpanda kwanza, nisiseme uongo. Alimwona mwanaume mwingine amevaa suti, ana sura nzuri, ana msemaji. Alitoka nje, akampigia Keza. Keza hakupokea. Akapiga tena, ikakatwa. Basi akampigia Égide, akajitambulisha, akauliza kwa sauti iliyokauka kama ni kweli Keza anaposwa kesho, na anaposwa na nani.

"Posa?" Égide akashangaa. "Kijana wangu, posa gani? Ni kikao cha kazini kwenu. Kuna mzungu anamtukana redioni. Msichana hana wa kumsemea, akaniita mimi. Alikuwa na mtu wake, anasema, lakini amemkimbia."

Olivier alisimama pale kwenye majani ya nyuma ya nyumba mpaka baridi ikamwingia kwenye soksi. Hakukuwa na mwanaume mwingine. Kulikuwa na nafasi ya mwanaume, na ilikuwa tupu.

Alhamisi saa nne, katika chumba kidogo juu ya ghala, Joanne aliketi upande mmoja wa meza na Keza upande wa pili. Darren alikaa karibu na dirisha, mikono kifuani. Wote na barakoa. Kwenye kompyuta iliyowekwa mezani kilionekana kwanza kipaji cha uso wa Égide, kisha akajirekebisha, ikaonekana suti ya kijivu na tai nyekundu, na nyuma yake pazia lililopigwa pasi.

"Salaam kwa familia ya kampuni," Égide akaanza, kwa Kiingereza chake cha kupangilia. "Tumekuja kwa heshima. Kabla sijaeleza kilichotuleta, ningependa kumjua msemaji wa upande wenu, ili niseme naye."

Joanne akamtazama Darren, akamtazama Keza. Alikuwa mama mpole. Akaeleza kwamba mtu wa kumsaidia mfanyakazi anakaa naye kumtia moyo tu, haruhusiwi kuzungumza kwa niaba yake.

"Haongei?"

"Haongei. Pole sana."

Égide akageukia Kiswahili. "Binti yangu, hawa wamenialika harusini wakanifunga mdomo."

"Ni utaratibu wao, Baba. Mimi sikujua."

"Basi sema mwenyewe. Usianze na hasira. Anza na jina lako, ulitaje mpaka wachoke. Mimi nipo hapa, siondoki."

Keza hakuwahi kufikiri kwamba angelazimika kulisema yeye, kwa kinywa chake, mbele ya Darren. Alivuta pumzi kupitia barakoa.

"Naitwa Keza Nahimana," akasema. "Hilo ndilo jina langu hapa kazini na kila mahali. Darren aliliona la zamani kwenye karatasi zangu za mwanzo. Nilimwomba asilitumie. Nilimwomba uso kwa uso, mara mbili. Tangu siku ile ndiyo analisema redioni kila zamu, na anauliza naenda choo gani, na watu wanacheka. Sinywi maji nikiwa kazini. Mwezi uliopita daktari alinitibu figo kwa sababu hiyo. Nataka akome. Sina jingine."

"Ni utani wa ghala," Darren akasema. "Mimi kila mtu namtania. Muulizeni yeyote kama analalamika."

Joanne akakohoa kidogo. Akasema ameuliza wachache na hakuna aliyekumbuka kitu. Akasema, kwa upole uleule, kwamba kwa usalama wa Keza ile nafasi ya bandarini bado ipo, na anaweza kuanza Jumatatu.

Keza alifikiria maegesho kando ya uzio. Alifikiria mkono uliotoka dirishani. Akaviacha.

"Siendi bandarini," akasema. "Aliyekosa ndiye ahamishwe. Kama mnaona mimi ndiye niliyekosa, niandikieni hivyo, niondoke nikiwa na jambo la kumwonyesha mwanasheria."

Kwenye kompyuta Égide alifunga macho akatikisa kichwa kwa kukubali. Mlango ukagongwa.

Aliingia Olivier, na jaketi lake la manjano, kofia mkononi. Alisimama karibu na mlango kama mtu asiyejua kama ataambiwa akae. Keza hakugeuka. Alimjua kwa pumzi.

"Samahani," Olivier akamwambia Joanne. "Mimi nimesikia. Kila zamu. Leo asubuhi pia. Naweza kurudia alivyosema, neno kwa neno, lakini lile jina sitalirudia."

"Mbona hukusema mapema?" Joanne akauliza.

"Niliogopa."

Akasema siku alizozikumbuka na maneno aliyoyakumbuka, na akataja wawili waliokuwa wakicheka, ili waulizwe nao. Joanne alikuwa akiandika kwenye kompyuta yake haraka haraka. Alipomaliza alimgeukia Darren, na upole ulikuwa umempungua. Akamwambia aache redio mezani, aende nyumbani, asubiri kupigiwa simu mpaka uchunguzi uishe.

Darren alisimama. Aliivua ile redio bila haraka, na macho yake yakahama kutoka kwa Olivier kwenda kwa Keza, yakarudi.

"Muulize basi yule pale mezani ni nani wake," akasema akicheka puani. "Muulize. Tuone kama atasema."

Joanne alionekana hapendi, lakini akasema kweli ni lazima aulize, maana ni sehemu ya kazi yake. "Olivier, kuna uhusiano wowote kati yako na Keza?"

Égide alikuwa amesogea mpaka uso wake umejaa kioo chote. Olivier aliuona. Alijua akisema kitu mbele ya mtu yule, kabla jua halijazama kitakuwa Rooty Hill, jikoni, mbele ya mwanamke mmoja anayemega ugali. Kukana ndiyo ilikuwa njia ya mwisho ya kukimbilia, na mlango ulikuwa nyuma yake, wazi.

Alivua barakoa. Haikuruhusiwa, na hakuna aliyemkataza.

"Ninampenda," akasema kwa Kiingereza. "Ni mwenzangu." Kisha akaigeukia kompyuta, akainama kidogo kama anavyoinama mtu mbele ya mkubwa wake, akasema kwa Kiswahili, "Baba Égide, yule mtu aliyemkimbia ni mimi. Mwambie Mama Anésie aandike na hilo."

Darren alitoka. Hakuna aliyemwangalia akitoka.

Keza alikuwa bado ametazama meza. Machozi yalikuwa yanamteremka na kuingia ndani ya barakoa, na hakuyafuta. Alikuwa na furaha na alikuwa na hasira, vyote viwili kwa pamoja, na hakuwa tayari kukiachia kimoja kwa ajili ya kingine.

"Asante," Joanne akasema. "Haibatilishi ulichosema, nitawauliza na wale wawili. Ila ni lazima niandike. Mmekuwa pamoja tangu lini?"

"Mwaka na nusu," Olivier akasema.

"Hapana," Keza akasema kwa Kiingereza, ili Joanne amwelewe vizuri. Akageuka, akamtazama Olivier kwa mara ya kwanza tangu siku ya kile kioo. "Tangu leo. Andika tangu leo."